Meneja wa jengo asiwe wa mjenzi, asiwe wetu pia

Mhariri,

Kijana anayetuletea gesi ameongeza bei. Mtungi ni uleule, ila sasa anadai shilingi 50 kwa kila ghorofa, nami naishi ya sita. Simlaumu. Lifti yetu ilikufa kabla ya mvua za masika, na kati ya geti na mlango wangu kuna vidato 108. Nimevihesabu, maana mstaafu hana kazi nyingi. Mtu akibeba mtungi wa kilo 13 begani kwa vidato hivyo, 300 anayodai ni haki yake.

Tuko Milimani, Kisumu, jengo la ghorofa saba lenye nyumba 24. Nyumba 23 zimeuzwa. Moja mjenzi ameizuia, na nitarudi kwayo, kwa sababu ugonjwa wetu wote umelala humo. Kila mwezi kila mmoja wetu hulipa ada ya huduma, ile tuliyozoea kuiita savisi chaji, shilingi 6,500. Zidisha kwa 23, utapata 149,500. Pesa hizo huenda kwenye namba ya simu ya mpwa wake mjenzi. Risiti ni ujumbe wa M-Pesa. Hesabu zake hakuna aliyewahi kuziona tangu nihamie mwaka 2022.

Jumapili iliyopita tulikutana kwenye maegesho. Wengi walitaka tugome kulipa hadi lifti ipande. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alitaka keateka, mtunza jengo letu, afukuzwe, kana kwamba keateka ndiye anayekula 149,500 (yeye mwenyewe anadai mshahara wa miezi miwili). Kisha kijana wa benki, mtu mpole na mwerevu, akasema ana binamu mwenye kampuni ya kusimamia majengo; tumweke huyo kesho, mjenzi ajue hajui. Makofi yakapigwa. Mimi nikanyoosha mkono. "Haya, jaduong' wa London, dakika moja," mmoja akasema, yaani mzee wa London. Dakika ile niliitumia vibaya, nikazungumza habari za sheria hadi watu wakaanza kuangalia simu. Ndiyo maana naomba nafasi kwako, mhariri, nimalizie.

Niliendesha basi London kwa miaka 23. Mwaka 2004 nilinunua nyumba ndogo mashariki mwa jiji hilo, juu ya maduka. Kwa asiyejua, kule Uingereza na Wales nyumba za ghorofa kwa kawaida huuzwa kwa lisi: unanunua haki ya kukaa miaka 99 au 125, lakini udongo, na mara nyingi paa, ngazi na kuta za nje, vinabaki mikononi mwa mwenye ardhi. Yeye ndiye anayeweka meneja. Bili unaletewa wewe.

Mwenye ardhi wetu alikuwa kampuni ambayo hatukuwahi kuona sura ya mtu wake. Paa lilivuja. Taa za ngazi zilizimika majira ya baridi, saa kumi jioni giza limeshaingia. Na kila mwaka bili ilikuja na mstari wa "usafi wa ngazi", ilhali ngazi tulizifagia wenyewe, mimi na jirani Mghana, kwa zamu.

Wenzangu walikasirika. Mimi pia nilikasirika, ila kazi ya basi ilikuwa imenifundisha tabia moja. Kabla hujatoa basi gerejini alfajiri unalizunguka, unatazama taa, milango, matairi na vioo, na kasoro yoyote unaiandika kwenye kadi, na saa, na sahihi yako. Basi likiharibika baadaye hakuna anayeuliza ulikasirika kiasi gani. Wanauliza kadi. Nikaanza kuliandikia jengo kadi. Tarehe 9, taa ya ghorofa ya pili haiwaki. Tarehe 16, bado. Tarehe 23, bado, na mzee wa namba 7 ameanguka. Nilifanya hivyo miezi 14. Mke wangu aliniambia nimerogwa na ngazi.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na walikuwa wakisema juu ya mwenye mali. Sikujua kwamba daftari la mnyonge nalo lina nguvu yake.

Mwaka 2018 tukajua kuna njia mbili. Ya kwanza ilitokana na sheria ya 2002: wenye lisi wanaweza kuchukua usimamizi wa jengo bila kumthibitishia mwenye ardhi kosa lolote, almradi walau nusu ya nyumba ziwe zimo. Njia nzuri, lakini sisi tulikwama kwa sababu ya kuku. Chini kulikuwa na kinyozi, duka la kamari na mkahawa wa kuku wa kukaanga, na eneo lisilo la makazi likizidi robo ya jengo, mlango huo ulikuwa umefungwa. (Mwaka 2025 wameipandisha robo hiyo ikawa nusu. Heri yao.)

Ikabaki njia ya pili, kifungu cha 24 cha sheria yao ya 1987 ya wenye nyumba na wapangaji. Hapa unakwenda mbele ya jopo linaloamua mizozo ya nyumba na kuliomba lenyewe liteue meneja. Lazima uonyeshe kosa: mwenye ardhi amevunja wajibu wake, au ada anazodai hazina uwiano na akili, au amepuuza kanuni za usimamizi zilizoidhinishwa na serikali. Tena lazima jopo lione kwamba ni haki na inafaa kumteua mtu. Hata mwenye lisi mmoja peke yake anaweza kuomba. Sisi tulikuwa tisa kati ya 14.

Lakini huendi moja kwa moja. Kwanza unampelekea mwenye ardhi notisi ukimweleza kosa, kifungu cha mkataba alichokivunja, anachotakiwa kufanya na muda wa kukifanya. Notisi yetu ya kwanza ilikuwa kurasa nne za matusi ya adabu. Tulipopiga simu kwa Leasehold Advisory Service, wanaotoa ushauri wa bure kuhusu mambo ya lisi, mama aliyepokea alinisikiliza nikiisoma, akaniuliza kwa upole: tarehe ziko wapi? Tukaichana. Ya pili ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, na nyuma yake nakala za kadi zangu. Tulitoa siku 42. Siku ya 40 alikuja fundi, akabadilisha balbu moja.

Ada ya kupeleka ombi ilikuwa pauni 100, na ya kusikilizwa 200. Tukigawana watu tisa, haikufika pauni 34 kwa kichwa. Hatukuwa na wakili. Hakuna aliyelazimika kuwa naye.

Jopo lilikaa Alfred Place, katikati ya London, chumba cha kawaida chenye meza na jagi la maji. Hakuna mawigi. Mwanasheria mmoja aliyeongoza, na pembeni yake mtaalamu wa majengo, ambaye ndiye niliyemwogopa zaidi, maana aliuliza maswali mafupi. Upande wa pili alikuja wakili wao akivuta begi la magurudumu. Yule mama wa ushauri alikuwa ametuonya kuhusu begi hilo. Kuna kifungu, 20C cha sheria ya 1985, kinachokuwezesha kuomba amri kwamba gharama za kesi zisirudi kwenu zikiwa zimevaa nguo za ada ya huduma. Usipokiomba, na mkataba wenu ukiruhusu, unaweza kumshinda mtu kisha ukamlipia wakili aliyekupiga. Tuliomba, tukapewa.

Kadi zangu zilisomwa kwa dakika ishirini hivi. Mstari wa usafi wa ngazi ulimshinda wakili kuueleza. Basi, hapo nilidhani tumemaliza.

Kumbe kazi ilikuwa ndiyo inaanza. Unapoomba meneja unakwenda na jina la mtu. Si kampuni: mtu, na anakuja mwenyewe kuhojiwa. Nikwambie kweli, mhariri, jina letu la kwanza lilikuwa shemeji wa jirani yetu wa namba 3, mwenye ofisi ya kupangisha nyumba. Tulimwona ni mwenzetu. Yule mama wa simu akatuuliza swali moja tu: huyo shemeji ataweza kumdai jirani wa namba 3 asipolipa? Tukatafuta mwingine, mwanamke mmoja mtaalamu wa majengo aliyekuwa hamjui yeyote kati yetu, na ambaye siku ya kwanza alituambia hapendi kupigiwa simu baada ya saa kumi na mbili jioni.

Walimhoji kuliko walivyotuhoji sisi. Unasimamia majengo mangapi? Utalitembelea hili mara ngapi? Bima yako ya kazi ni kiasi gani? Mpango wako wa paa uko wapi? Pesa utaziweka akaunti gani? Swali hilo la mwisho lina mzizi: sheria yao inataka ada za huduma zishikwe kama amana, mali ya watu iliyotunzwa, isichanganywe na pesa za anayeishika. Namwaza yule mpwa na simu yake.

Wakamteua kwa miaka mitatu. Kisha mwanasheria aliyeongoza akatugeukia na kutwambia jambo ambalo ndilo hasa limenishikisha kalamu leo. Alisema: huyu si mfanyakazi wa mwenye ardhi, na ninyi msidhani ni mfanyakazi wenu. Ni wa jopo. Amri tuliyomwandikia ndiyo bosi wake.

Tulitikisa vichwa, hatukuelewa. Tulielewa baada ya miezi michache, bili ilipofika. Paa lote libadilishwe, pauni 2,900 kila nyumba. Aliifuata sheria hatua kwa hatua. Kule, kazi inayomgharimu mwenye lisi yeyote zaidi ya pauni 250 lazima kwanza watu waulizwe maoni, wapewe siku 30, kisha waonyeshwe bei za mafundi na kupewa siku 30 nyingine. Tukaulizwa, tukaonyeshwa. Bado ilikuwa 2,900. Nilichukua zamu za Jumapili miezi mitano.

Jirani yangu Mghana aligoma. Hoja yake ilikuwa nzito: mwenye ardhi aliacha maji yaniharibie dari miaka mitatu, ananidai yeye au namdai mimi? Nitalipa tukikatana. Meneja akamjibu kwa barua fupi kwamba deni la mwenye ardhi akamdai mwenye ardhi, si yeye. Na ndivyo ilivyo: Mahakama ya Rufaa ilikwisha kuamua mwaka 2002 kwamba meneja aliyeteuliwa hivyo anadai kwa nafasi yake mwenyewe, kwa hiyo huwezi kumkata pesa zake kwa sababu ya makosa ya aliyemtangulia. Jirani yangu hakusema nami kwa miezi mitatu, maana kadi zilizomleta mwanamke yule zilikuwa zangu. Kisha mvua ikanyesha usiku kucha, asubuhi akanigongea na sahani ya wali wa jolofu. Hakusema neno.

Sitaki mtu adhani kule ni peponi. Tangu notisi hadi uteuzi ilipita miezi kumi. Mwenye ardhi alimkabidhi meneja boksi la makaratasi lisilo na risiti hata moja. Nyumba za halmashauri na za mashirika ya nyumba haziingii kabisa katika kifungu hicho. Na huyo meneja hakuwahi kubadilika: ukimpigia saa kumi na mbili na dakika moja, hapokei.

Sasa turudi Milimani, kwenye ile nyumba ya 24.

Desturi ya zamani ya kuuza nyumba za ghorofa Kenya ilikuwa hivi: mnunuzi anapewa lisi, na pembeni inaundwa kampuni ya usimamizi ambamo kila mwenye nyumba atapata hisa moja. Mjenzi akimaliza kuuza nyumba zote, anaikabidhi kampuni hiyo haki yake iliyobaki juu ya ardhi, anaondoka. Soma tena maneno hayo: akimaliza kuuza zote. Wetu hajamaliza. Nyumba namba 24 ina viti vya plastiki na picha ya jengo ukutani, anaiita ofisi. Kuna mtu alitaka kuinunua mwaka jana kwa pesa taslimu akaambiwa haiuzwi. Kwa nini auze? Nyumba hiyo moja inampa usukani wa zile 23.

Bunge liliona. Sheria ya 2020 ya umiliki wa nyumba katika majengo ya pamoja, iliyoanza kazi tarehe 28 Desemba mwaka huo, ilifuta ile ya 1987. Inataka ramani ya mgawanyo isajiliwe na kila mwenye nyumba apate hati yake, na ramani ikisajiliwa linazaliwa shirika la wenye nyumba wote, lenye kazi ya kutunza ngazi, paa, lifti na tangi. Lisi za zamani zilipewa miaka miwili zibadilishwe. Miaka miwili hiyo ilikwisha Desemba 2022, mwezi ule ule nilipokuwa nikipaka rangi sebule yangu na kujiona nimefika.

Hata kamati ya ndani ya kutatua mizozo sheria imeitaja. Lakini kamati hutoka kwa shirika, na shirika hutoka kwa usajili, na makaratasi ya usajili yako kwenye kabati la nyumba namba 24.

Wa kumlilia ni nani? Jopo la kodi za maduka linahusu wafanyabiashara waliopanga. Jopo la nyumba za kuishi ni la nyumba ambazo kodi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi; kwa bei hiyo leo labda upate chumba cha mabati Nyalenda, nasi hatukupanga, tumenunua. Tunabaki na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo kwa bahati ipo hapa hapa Kisumu. Naiheshimu. Lakini nilimuuliza wakili mmoja wa hapa mjini, akanitajia malipo ya kuanzia tu, nikamshukuru na kuteremka ngazi. Mashine ya lifti yetu ingetengenezwa mara mbili kwa pesa ile.

Ninachowaomba wabunge wetu ni kidogo: jopo la watu wawili watatu, mmoja anayejua sheria na mmoja anayejua mabomba, linalozunguka Kisumu, Nakuru, Eldoret na Kakamega, ambalo mwenye nyumba anaweza kulifikia na kadi zake bila wakili, kwa ada anayoimudu. Liwe na nguvu ya kusema: kuanzia leo jengo hili litasimamiwa na fulani, kwa miaka mitatu, pesa zikae akaunti ya amana, mjenzi toa mafaili. Nasi tujue kwamba fulani huyo atatudai sisi wote, akiwemo atakayelia kwamba lifti haimhusu kwa sababu anakaa ghorofa ya kwanza. Yupo, naye alipiga makofi Jumapili.

Na kwa majirani zangu, maana najua angalau wanne hununua gazeti hili: tusigome kulipa. Siku tutakayofika mbele ya yeyote, swali la kwanza la wakili wa mjenzi litakuwa ni nani ana madeni. Na binamu wa benki, kwa heshima zote, hapana. Sina neno naye, huenda ni mtu safi kabisa. Shemeji wa namba 3 naye alikuwa safi.

Nimeanza kadi. Ya kwanza ni ya lifti. Ya pili ni ya tangi la juu, ambalo halijaoshwa tangu nihamie. Nilipanda kulitazama na keateka akanishikia ngazi. Barua kwa mjenzi nimeiandika, ukurasa mmoja, nikimtaka atuonyeshe hesabu za miaka mitatu, atupe cheti cha kila hisa, na atuambie tarehe atakayopeleka ramani kusajiliwa. Nimempa siku 30. Hadi jana usiku walikuwa wametia sahihi watano kati ya 23. Barua iko mlangoni kwangu, ghorofa ya sita, na kalamu imefungwa kwa uzi.

Tunakutana tena Jumapili saa tisa, maegeshoni. Mara hii nimeomba dakika tano. Kila mtu aje na kiti chake, vile vya namba 24 si vyetu.

Mstaafu, Milimani, Kisumu
(Jina unalo, mhariri. Naomba usilichape kwanza: mjenzi naye sasa hupanda ngazi, na huwa tunakutana ghorofa ya tatu tukivuta pumzi.)